MREJESHO: Pakiti za unga zinazopungua uzito

Habari wakuu. Mimi ndiye niliyeuliza kwa nini pakiti zetu za kilo 1 hapa Moshi zinapungua wakati mashine ya kujazia ni mpya. Mkaniambia nianze na mizani. Moyoni nilibisha, maana stika ya Wakala wa Vipimo ilikuwepo.

Nikachukua pakiti 10, watu watatu, kila mmoja akapima mara tatu bila kuona majibu ya mwenzake. Aisee! Pakiti ileile, mara hii gramu 994, mara nyingine 1,003. Kumbe mizani imekaa chini ya feni. Tumeihamisha, na kila asubuhi tunaihakiki kwa jiwe la kilo.

Sasa tunapima pakiti 5 kila saa na kuchora wastani wake kama nukta kwenye chati. Mipaka ya chati tumeitoa kwenye data zetu wenyewe: wastani mkuu, jumlisha au toa 0.577 (namba ya jedwali kwa sampuli za pakiti 5) mara wastani wa tofauti ya pakiti nzito na nyepesi kabisa za kila saa. Kwetu imetoka gramu 5 hivi kila upande.

Kilichobaki ni swali la "nukta ikitoka nje ya mipaka, nani asimamishe mashine?" Vijana wanamwogopa bosi. Hilo tunabishana bado.