Uzao wa mbwa wa Labrador na Golden hapa Malindi: yupi abaki na watoto, yupi afunzwe kumsaidia asiyeona?

Mama wa Barani (Malindi) ameuliza:

Nawasalimu wanajukwaa wote. Nyumbani kwetu tunaye Labrador jike wa rangi ya manjano, aliyekua pamoja na wanangu, na jamaa yetu wa Watamu anaye Golden Retriever dume ambaye utulivu wake husifiwa na kila anayefika pale. Tumekubaliana kuwapandisha mara moja, bila nia ya biashara. Ami yangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi wa majahazi, amepofuka kwa presha ya macho, na siku hizi hatoki nje ila ameshikwa mkono na mjukuu. Tungependa mmoja wa watoto hao alelewe kwa ajili yake, na waliobaki tuwape familia tunazozijua, zenye watoto na ua wa kutosha.

Ninaloomba kuelimishwa ni kuhusu tabia. Watoto wa tumbo moja hawafanani: mmoja humkimbilia kila mgeni, mwingine hukaa pembeni akiangalia, mwingine haachi kutafuna. Nimesoma kuhusu majaribio yanayofanywa wakiwa na umri wa wiki 7, ambapo mtu asiyewazoea humwita mtoto, humlaza chali, humrushia karatasi iliyofinyangwa na kufungua mwavuli ghafla mbele yake, kisha humpa alama. Je, alama hizo zaweza kutegemewa katika kumchagua mbwa wa kumsaidia mtu asiyeona? Na huyo anayekuja mbio kabla ya wenzake, anayeonekana kumpenda kila mtu, ndiye anayefaa, au uchangamfu wake unatupumbaza?

Mfugaji wa Nakuru amejibu:

Dada, kabla ya watoto tuwaangalie wazazi na asili yao, kwa sababu tabia unayoiona kwa ritriva, yaani mbwa wa kuleta windo, imejengwa na kazi. Labrador wametokana na mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, waliokuwa wakiingia katika maji baridi kurudisha kamba, nyavu na samaki walioponyoka. Walipofikishwa Uingereza katika karne ya 19 wakafanywa mbwa wa wawindaji wa ndege. Asili ya Golden imeandikwa kwa uwazi zaidi: mwaka 1868, huko Guisachan katika Uskoti, Dudley Marjoribanks, ambaye baadaye aliitwa Lord Tweedmouth, alimpandisha ritriva wa manjano aliyeitwa Nous kwa spanieli wa maji aliyeitwa Belle, na uzao huo ndio shina la Golden wa leo. Kazi ya mbwa wote hawa ilikuwa kutulia kando ya mwenye bunduki, kuvumilia mlio, kungoja amri, kisha kwenda kumleta ndege pasipo kumtafuna. Ndipo wakawa na mdomo mwororo, subira, na ile desturi ya kumgeukia binadamu na kumtazama usoni ili wajue la kufanya.

Hata hivyo jina la aina halitoshi. Miongoni mwa Labrador wenyewe zipo koo zilizoendelea kuzalishwa kwa uwindaji, wembamba, wepesi na wasiochoka, na zipo koo zilizozalishwa kwa maonyesho, wazito na wapole zaidi. Mtu akimchukua mtoto wa ukoo wa uwindaji na kumfungia uani siku nzima, atamkuta amefukua bustani na kurarua viatu, naye atasema amepewa mbwa mbaya, ilhali mbwa huyo amekosa kazi tu. Waulize waliowapa jike wenu kuhusu wazazi wake, na kama ana hati za East Africa Kennel Club, chama kinachoandikisha nasaba za mbwa, zifuatilie nyuma vizazi kadhaa. Kuchanganya Labrador na Golden si jambo geni. Vyuo vingi vya mbwa waongozaji hufanya hivyo kwa makusudi, kwa kutarajia uimara na hamu ya kazi ya Labrador pamoja na wororo wa Golden, ambaye kwa kawaida huvunjika moyo upesi akikemewa kwa sauti kali. Kwa familia zenye watoto wadogo, mimi huwapendelea hao wa mchanganyiko kuliko wazazi wao.

Daktari wa mifugo (Kilifi) amejibu:

Mfugaji ameeleza vyema upande wa koo. Mimi nijibu kuhusu alama. Majaribio ya wiki 7 yanasaidia kuwafahamu watoto, lakini matokeo ya siku moja hayatabiri vizuri mbwa atakuwa wa namna gani akikomaa, hasa katika woga na ukali, ambavyo mara nyingi hujitokeza anapobalehe. Vyuo vyenye uzoefu humfuatilia kila mtoto kwa miezi mingi. James Serpell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliunda dodoso liitwalo C-BARQ, ambalo halimwulizi mlezi kama mbwa wake ni mzuri. Humwuliza mbwa alifanya nini alipokutana na mgeni mlangoni, aliposikia radi, alipoachwa peke yake. Ningekushauri uwe na daftari la namna hiyo tangu mwanzo. Na hata kwa uangalifu wote huo, sehemu kubwa ya mbwa hawafuzu, nao hupewa familia za kawaida, kwa hiyo kuwa na nyumba za kuwapokea si ziada katika mpango wako bali ni nguzo yake.

Zipo tafiti zinazogusa swali lako moja kwa moja. Mwaka 2021 Emily Bray na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 375 wa Canine Companions, shirika la Marekani la mbwa wasaidizi linalozalisha Labrador, Golden na mchanganyiko wao. Watoto hao, wakiwa na wiki 8 tu, walipimwa kama wanafuata kidole kinachoonyesha palipo chakula na kwa muda gani wanamtazama binadamu anayezungumza nao, na ikaonekana kwamba zaidi ya 40% ya tofauti baina yao ilitokana na urithi. Kwa hiyo mwangalie jike wenu na yule dume: je, wakishindwa na jambo huwageukia ninyi? Utafiti mwingine wa Bray, wa mwaka 2017, uliwafuatilia watoto 98 wa chuo cha mbwa waongozaji cha The Seeing Eye huko New Jersey. Wale ambao mama zao waliwakumbatia na kuwahudumia kupita kiasi walielekea zaidi kushindwa mafunzo, na wale ambao mama zao walinyonyesha wakiwa wamekaa au kusimama, hata watoto wakalazimika kujitahidi kulifikia ziwa, walifanya vizuri zaidi. Hilo si ruhusa ya kuwatesa watoto, lakini ni sababu ya kuacha wajisumbue kidogo kabla hujawasaidia.

Jambo la mwisho ni chakula. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba Labrador wengi wana hitilafu katika jeni iitwayo POMC, inayowafanya watamani chakula kuliko kawaida na kunenepa. Ilipatikana kwa takriban robo ya Labrador wa majumbani waliopimwa, na kwa 76% ya kundi la mbwa wasaidizi. Yaani hamu inayowafanya wafundishike kwa kipande cha chakula ndiyo inayowanenepesha. Wakanye watoto wa nyumbani wasimpe mabaki ya pilau na mchuzi, maana vitunguu ni sumu kwa mbwa.

Mlezi wa Nyali (Mombasa) amejibu:

Nilipokuwa nikiishi Uingereza, nyumba yetu ilikuwa miongoni mwa zile zinazolea watoto wa mbwa kwa niaba ya chuo cha waongozaji. Mtoto huletwa akiwa na umri wa wiki 8 hivi, hukaa na familia zaidi ya mwaka, kisha hurudi kwa mafunzo yenyewe. Swali la anayekuja mbio kabla ya wenzake nalijibu kwa moyo wote, kwa kuwa nimeona watu wakilikosea. Kwa nyumba yenye watoto, huyo ni baraka. Kwa kazi ya kuongoza, mbwa anayempenda kila mtu atamvuta ami yako kuelekea kwa kila mtu.

Tulichofundishwa kukitazama ni namna anavyorudi katika utulivu baada ya kushtuka. Angusha sufuria sakafuni, mbali nao kidogo. Wote watashtuka, na kushtuka si kosa. Mmoja atajificha chini ya kiti na hatatoka mpaka abembelezwe. Mwingine ataibwekea sufuria na hatanyamaza. Na huenda yupo atakayesimama, akakutazama, kisha akaenda kuinusa. Huyo mwangalie tena kesho, na wiki ijayo, na mahali pengine, kwa maana tabia ni lile linalojirudia. Tena usimdharau anayekaa pembeni. Mtazame mwili wake: ikiwa mkia umelegea na masikio yanafuata yanayotendeka, huyo anapima mambo, na nimewahi kumwona wa namna hiyo akiwa mtulivu kuliko ndugu zake wote. Ikiwa amejikunyata, anapiga miayo pasipo usingizi na kukwepa macho, hiyo ni hofu, na hofu ndiyo inayowaondoa wengi katika kazi hii.

Tangu kazi za Scott na Fuller, watafiti wa tabia za mbwa huko Marekani, inajulikana kwamba dirisha la kuizoea dunia hufunguka kwenye wiki ya 3 na kuanza kufungika kwenye wiki ya 12 hivi. Katika kipindi hicho mtoto wa Malindi anapaswa kuisikia adhana kwenye vipaza sauti, tuktuk na bodaboda, kunguru, punda, mawimbi, watu wa mabuibui na watu wa kofia. Chanjo zikiwa hazijakamilika, mbebe mikononi na usimweke chini sokoni, kwa sababu ya parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Na ukimtoa akiwa mkubwa, iwe alfajiri au jioni: manyoya yao ni ya tabaka mbili, nao hujipoza hasa kwa kuhema, kwa hiyo lami ya saa saba mchana huwaunguza nyayo na joto laweza kuwaua.

Sasa niseme jambo gumu. Kulea mtoto mwenye tabia njema na kumfanya mwongozaji ni kazi mbili tofauti. Tangu chuo cha kwanza kilipofunguliwa Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916, kwa ajili ya askari waliopofushwa vitani, kazi hii imekuwa ya wakufunzi, na mbwa hufunzwa hata kukataa amri itakayomwingiza mtu hatarini. Zaidi ya hayo, mbwa hajui njia ya kwenda msikitini wala sokoni. Anayeijua ni mtu. Mbwa humkwepesha mashimo, mikokoteni na magari. Kwa sababu hiyo vyuo humtaka mtu awe tayari anaweza kutembea kwa fimbo nyeupe. Mtafutieni ami mwalimu wa fimbo nyeupe sasa, msingoje mbwa. Huyo mtoto anaweza kuwa mwenzake nyumbani, akamletea kiatu au bakora iliyoanguka, na hiyo ni kazi inayofundishika nyumbani kwa sababu ritriva huzaliwa na hamu ya kuleta.

Mkaazi wa Langoni (Lamu) amejibu:

Assalaam aleikum. Huku kwetu vichochoro ni vyembamba, mbwa ni wachache, na ukimpitisha mmoja watu hujibana ukutani wakilinda nguo zao. Nadhani mtoto huyo atapimwa na jambo hili pia, kwa hiyo nalitaja kwa heshima. Katika madhehebu ya Shafi, mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kumgusa akiwa mkavu, nawe mkavu, hakuhamishi najisi. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wametajwa kwa ruhusa, na aya ya 4 ya Suratul Maida yazungumzia windo la wanyama waliofunzwa. Kuhusu mbwa wa asiyeona, mwulizeni shehe mnayemwamini. Katika kuchagua, tabia ya kulamba iwe na uzito: anayelamba kila mkono atamtia ami katika taabu ya kujitahirisha kabla ya kila swala. Je, yeye mwenyewe ameulizwa kama anamtaka?

Mama wa Barani (Malindi) ameandika:

Waaleikum salaam, na ahsanteni nyote. Ami ameulizwa, na ndiye aliyelitaja kwanza, maana ujanani aliwahi kuishi shambani Ganda penye mbwa. Sharti lake ni mbwa alale uani, asiingie chumba anachoswalia. Suala la fimbo nyeupe nitalishughulikia kabla ya lolote, na daftari nitalianza kwa jike mwenyewe. Nimebakiwa na swali moja kwa daktari: jike wetu ana mwaka na nusu. Tumpandishe joto lijalo?

Daktari wa mifugo (Kilifi) amejibu:

Hapana, mngoje. Ritriva husumbuliwa na ulegevu wa nyonga na viwiko, unaorithiwa, na taasisi ya Marekani inayokagua picha za nyonga haitoi cheti cha kudumu kabla ya miezi 24. Wote wawili wapigwe eksirei wakiwa na umri huo, wakaguliwe macho, na wawe na chanjo ya kichaa cha mbwa isiyopitwa na wakati. Miezi hiyo ya kungoja itakuonyesha pia kama utulivu wa jike umedumu, jambo ambalo katika mwaka na nusu bado halijathibitika. Mimba huchukua takriban siku 63. Mkiweza, pangeni uzazi uangukie mwanzoni mwa kusi, ili wiki za kuwazoesha watoto zipite katika miezi ya baridi kidogo, masika ya Malindi yakiwa yanaisha na joto la kaskazi likiwa bado. Eksirei zikisomwa, leteni majibu hapa tuyatazame kabla hamjawakutanisha.