Deki ya DVD ya kukuza picha kwa runinga ya inchi 43: ipi inafaa kwa bajeti ya laki moja na nusu?

Mkazi wa Ilazo

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba ushauri wa wenye uzoefu kabla sijaingia mjini kununua.

Mwezi uliopita tuliiondoa sebuleni TV ya chogo iliyotutumikia kwa miaka mingi, tukaweka runinga bapa ya inchi 43 yenye Full HD. Siku ileile niliichomeka deki yetu ya zamani kwa zile nyaya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, na picha ya harusi yetu, ambayo kwenye chogo ilituridhisha kabisa, ikaonekana kama imefunikwa na ukungu, huku wekundu wa sare za wasimamizi ukivuja nje ya mipaka ya nguo zao. Nina DVD zipatazo arobaini: harusi, kipaimara cha watoto, kwaya ya parokia, na filamu kadhaa ambazo dada yangu alituletea kutoka Uingereza. Mama yangu mzazi anaishi nasi, na kila Jumapili jioni huomba kuziona zile za familia, kwa hiyo sitaki kuziacha ziozee kabatini.

Nimeona njia tatu. Ya kwanza ni deki mpya ya kampuni inayojulikana ambayo ina HDMI na hukuza picha hadi 1080p, kwa mfano Sony DVP-SR760H au LG DP132H. Ya pili ni zile deki zisizo na jina kubwa, ambazo bei yake ni nafuu zaidi na kwenye boksi nazo zimeandikwa 1080p. Ya tatu ni deki ya Blu-ray ya mtumba, maana nimeambiwa kwamba zinasoma DVD na kuzikuza vizuri kuliko deki za kawaida. Bajeti yangu ni laki moja na nusu pamoja na waya. Je, ninyi mngechagua ipi?

Mwalimu wa Kondoa

Ndugu, kabla ya kulinganisha deki, tuelewane kwanza juu ya maana ya kukuza picha, kwa sababu watu wengi hulipia maandishi ya kwenye boksi bila kujua wanacholipia.

DVD ya PAL, yaani mfumo wa video unaotumika kwetu, ina pikseli 720 kwa upana na 576 kwa kimo, yaani pikseli 414,720 kwa jumla. Kioo cha runinga yako kina 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Gawanya, utapata tano kamili. Hii ina maana kwamba kwa kila pikseli moja iliyomo kwenye diski, nyingine nne ni lazima zikadiriwe na mashine kwa kuangalia jirani zake. Hakuna deki inayoweza kurudisha kitu ambacho kamera haikukinasa au diski haikukihifadhi.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi, ni kwamba runinga yako tayari inakuza picha. Ingekuwa haifanyi hivyo, picha ya DVD ingekaa katikati ya kioo kama stempu kwenye bahasha. Kwa hiyo usiulize kama kuna deki inayokuza, bali uliza kama deki inaifanya kazi hiyo vizuri kuliko runinga yako mwenyewe. Kwa deki za bei ya chini, mara nyingi jibu ni hapana, au ni sawa tu.

Kijana wa Nzuguni

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ningeshauri kuachana na deki kabisa. DVD zote za familia zihamishiwe kwenye flash kwa kutumia kompyuta, kisha flash ichomekwe kwenye USB ya runinga. Hakuna lenzi ya kuchakaa, na bajeti yote inabaki mfukoni.

Fundi wa Majengo

Marahaba, mdogo wangu. Wazo la kunakili ni zuri na nitalirudia mwishoni, lakini mama wa miaka mingi anayetaka kuweka diski na kubonyeza kitufe kimoja haifai kumpa orodha ya mafaili.

Sasa nimjibu mwenye mada. Mwalimu amesema kweli, ila ukungu na ule wekundu unaovuja havikutokana na upungufu wa pikseli peke yake. Waya wa njano hubeba mwanga na rangi kwa pamoja, na runinga ikishindwa kuvitenganisha sawasawa, rangi kali hasa nyekundu huvuja, na kwenye mipaka ya vitu huonekana vidoa vidogo vinavyotambaa. Waya wa HDMI hupeleka picha kidijitali, rangi zikiwa zimetengana na mwanga, pamoja na sauti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya nafuu utakayoiona itatokana na kuuacha waya wa njano, hata kama deki haikukuza picha hata kidogo.

Lililobaki, na hapa ndipo deki moja hutofautiana na nyingine, ni jinsi inavyounganisha mistari. DVD ya harusi iliyopigwa na kamera ya video haina picha kamili 25 kwa sekunde kama DVD ya filamu ya sinema. Ina nusu-picha 50: kwanza mistari ya witiri, kisha ya shufwa, na kila nusu imechukuliwa kwa nukta yake ya wakati. Runinga ya chogo ilizionyesha hivyohivyo kwa zamu na jicho likaridhika. Kioo bapa huonyesha mistari yote kwa pamoja, kwa hiyo ni lazima mashine fulani iziunganishe nusu mbili, na ikifanya kazi hiyo kwa uzembe, mkono wa bibi harusi ukipunga unatoka na kingo zenye meno kama ya kitana. Kasoro hiyo hutokea iwe umeweka deki itoe 576p (mistari ileile 576 ya DVD, bila kukuzwa) au 1080p (iliyokuzwa), kwa sababu katika hali zote mbili ni deki inayounganisha. Deki ikiwa na chaguo la 576i kwenye HDMI, yaani kutoa nusu-picha zenyewe bila kuziunganisha, basi unaiachia runinga kazi yote, na mara nyingi runinga huifanya vizuri zaidi. Si deki zote zenye chaguo hilo, kwa hiyo uliza.

Nimefungua nyingi za hizo zisizo na jina. Zipo zinazosoma diski kwa uvumilivu mkubwa, hasa diski za kuandikwa mitaani, na kwa hilo naziheshimu. Udhaifu wake ni huo wa meno ya kitana, na mara nyingine umbo la picha. Diski zako za zamani bila shaka ni za umbo la 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Deki nyingine ikiwekwa 1080p hulivuta umbo hilo mpaka lijaze kioo, watu wote wakanenepa, na runinga nyingi zikipokea 1080p hazikupi tena nafasi ya kurekebisha. Dawa ni kuishusha deki iwe 576p ili vitufe vya umbo kwenye rimoti ya runinga vifanye kazi, au kununua deki inayoweka yenyewe pande nyeusi kulia na kushoto.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: beba diski ya harusi, nenda nayo dukani, mwombe muuzaji akuwekee kwa HDMI, kisha tafuta mahali ambapo watu wanacheza au kamera inageuka upesi. Ukiona meno, rudisha deki kwenye boksi na omba nyingine. Na jaribu pia filamu ya dada yako. DVD za filamu hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia zinakouzwa: sisi Tanzania tuko kanda 5 na Uingereza ni kanda 2, na deki iliyofungiwa kanda moja itakataa kuisoma.

Mama wa Kisasa

Nimefurahi kuona mada hii, kwa sababu mimi nilifuata njia ya tatu na nimejifunza kwa gharama.

Blu-ray yangu ya sasa, Sony BDP-S1700, nilinunua mpya, na kwa DVD za filamu inatoa picha safi kuliko deki yoyote niliyowahi kuwa nayo. Lakini kuna jambo ambalo sikuliwaza. Nyuma yake kuna HDMI, tundu la sauti ya kidijitali na la mtandao, basi. Hakuna matundu mekundu na meupe. Sabufa yetu ilikuwa inategemea matundu hayo, kwa hiyo ilibidi tuichomeke kwenye tundu la sauti la runinga. Ndugu wa Ilazo, angalia nyuma ya runinga yako kama lina nafasi hiyo kabla ya kuamua. Hesabu pia matundu ya HDMI: king'amuzi kimechukua moja, na runinga nyingine zina mawili tu.

Kuhusu mtumba, tahadhari sana. Kabla ya hiyo tuliwahi kununua moja iliyotoka Japani. Hakuna aliyesoma kibandiko cha nyuma kilichoandikwa volti 100, tukaichomeka moja kwa moja ukutani, na sote tunajua umeme wetu ni volti 230. Haikumaliza dakika moja, na harufu yake ilikaa sebuleni mpaka usiku. Hata isingeungua, ingeleta taabu nyingine, kwa sababu DVD za Japani ni za mfumo wa NTSC na mashine nyingi za huko hazisomi diski za PAL. Zinazotoka Ulaya umeme wake ni salama, lakini kwa DVD zimefungwa kanda 2, kwa hiyo filamu za dada yako zitacheza na za hapa zenye kanda 5 zitakataa. Diski za harusi na kwaya hazina kufuli la kanda, hizo hazina shida.

Fundi wa Majengo

Mama amegusa penyewe. Niongeze kwamba deki ya Blu-ray ina mwale wa leza mwekundu kwa DVD na mwingine wa bluu-zambarau kwa diski za Blu-ray, na kifaa kizima cha lenzi kikichoka, kupata kingine hapa mjini ni kazi, wakati lenzi za deki za kawaida zinapatikana. Kwa mtu asiye na diski hata moja ya Blu-ray, sioni sababu.

Na vumbi letu tulikumbuke. Upepo wa Julai na Agosti huingiza vumbi jekundu hata kwenye nyumba yenye nyavu. Msiache trei wazi, funikeni deki kwa kitambaa ikiwa imezimwa, na umeme ukikatika chomoeni kabisa, maana unaporudi ndipo unapoua.

Mkazi wa Ilazo

Nawashukuru nyote, nimefuata maelekezo na narudi na majibu.

Jumamosi nilikwenda na diski mbili, ya harusi na ya filamu. Duka la kwanza lilikataa kufungua boksi, nikaondoka. La pili walinikubalia. Deki isiyo na jina ilisoma diski zote mbili bila kusita, lakini wakati wa ndugu kuingia ukumbini wakicheza, meno yale ya kitana yalionekana waziwazi kwenye mikono na kwenye pindo za magauni. Deki ya kampuni inayojulikana, kwa diski ileile na runinga ileile, haikuyaondoa yote, ila ilibidi nisogee karibu na kioo ndipo niyaone. Ile ya filamu iliikataa kwa sababu ya kanda. Nilipima: diski za familia ni zaidi ya thelathini na za dada hazifiki nane. Nikachukua hiyo ya kampuni inayojulikana, na pamoja na waya wa mita moja na nusu nimebaki ndani ya bajeti.

Nyumbani nilijaribu 1080p na 576p kwa zamu, nikiwa nimekaa mita tatu kutoka kwenye kioo. Tofauti niliyoiona ni ndogo mno, lakini kwa 1080p watu walivutwa wakanenepa kama Fundi alivyosema, kwa hiyo nimeiacha kwenye 576p na runinga nimeiweka umbo la 4:3. Wekundu wa sare umekaa ndani ya nguo. Kuna mahali kamera inamsogelea marehemu shangazi akiwa amejifunga khanga, na kwa waya wa njano maandishi yake yalikuwa mstari mweusi tu. Sasa nimeyasoma yote isipokuwa neno la mwisho, ambalo nimelitazama kwa kila mpangilio na halisomeki. Mama alilitaja yeye kwa kumbukumbu.

Bado nina swali moja. Diski ya kipaimara cha mtoto wa kwanza inakwama dakika ya ishirini, kwenye deki zote mbili, mpya na ya zamani. Je, ni deki au ni diski?

Fundi wa Majengo

Ikikwama mahali palepale kwenye deki mbili tofauti, ni diski. Izungushe chini ya taa. Ukiona mikwaruzo, ioshe kwa maji na sabuni laini, uifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kuelekea pembeni, usifute kwa kuzungusha. Ukiona upande wa chini umebadilika rangi kwa mabaka, ujue ule wino wa diski ya kuandikwa umeanza kuharibika na hautarudi. Hapo ndipo wazo la kijana wa Nzuguni linapohitajika: ipeleke wiki hii kwa mwenye kompyuta, ainakili kwenye flash mpaka pale inapofika, kisha afanye hivyohivyo kwa zote arobaini, akianza na zile zilizoandikwa zamani zaidi.

Kijana wa Nzuguni

Mimi nina kompyuta yenye tundu la DVD, na Ilazo si mbali na kwetu. Mkubwa wangu, ukiniandikia pembeni nitakuja Jumamosi.