Uliberali: mbona wa zamani ulikataa serikali na wa baadaye unaitaka?

Msomaji_Huru
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kuna kitu kinanichanganya kuhusu uliberali, itikadi ya uhuru wa mtu binafsi. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke 1689 anasema mtu ana haki ya uhai, uhuru na mali yake, kazi ya serikali ni kuzilinda na ikizivunja watu wana haki ya kuiondoa. Mchumi Adam Smith 1776 naye anataka biashara iachiwe ipumue. Sasa nikifika mwanzoni mwa karne ya 20 nakuta chama cha Liberal Uingereza ndo hichohicho kinaleta pensheni, kinaleta bima, kinapandishia matajiri kodi. Ni itikadi moja kweli au limebaki jina tu? Na wajamaa na mafashisti wanaingilia wapi?

Kalamu_Kavu
Mkuu anza na swali moja, wanamuogopa nani? Locke anamuogopa mfalme, James wa Pili ametoka kukimbia nchi 1688, kwa hiyo ukisema serikali enzi zile unasema mfalme, makabaila na kanisa, lazima utake ifungwe mikono. Halafu viwanda vikaja. Angalia sheria ya viwanda ya 1833 Uingereza, ilikataza mtoto chini ya miaka 9 kufanya kazi kwenye viwanda vingi vya nguo, wa 9 hadi 13 mwisho saa 48 kwa wiki, na wakaguzi walioteuliwa walikuwa wanne tu nchi nzima! Na bado kuna watu walipinga sheria za namna hii eti zinaingilia uhuru wa tajiri na mfanyakazi kukubaliana wenyewe. Sasa mtu mwenye njaa anakubaliana nini? Hapo ndo wanafalsafa waliberali kina T.H. Green wakaanza kusema uhuru sio kuachwa tu, ni kuwa na uwezo wa kufanya kitu na maisha yako. Ukishakubali hilo pensheni ya 1908 (shilingi 5 kwa wiki, kuanzia miaka 70) haikushangazi tena, wala bajeti ya 1909 ya kupandishia matajiri kodi ya Lloyd George, waziri wa fedha wa Liberal, ambayo mabwana wa Lords (bunge la juu la makabaila) waliikataa, na 1911 wakanyang'anywa kura yao ya turufu. Kwa hiyo jibu langu ni itikadi ileile, adui ndo kabadilika.

Mzalendo_wa_Hoja
Nakubali nusu mkuu, ila umewapa sifa nyingi mno. Waliberali walisukumwa. Marx na Engels wametoa Ilani yao ya Kikomunisti 1848, vyama vya wafanyakazi vikakua, na mtu wa kwanza kuleta bima ya ugonjwa ya lazima kwa nchi nzima ni Bismarck, kansela wa Ujerumani, 1883, mhafidhina kabisa, ambaye miaka mitano nyuma alikuwa amepiga marufuku vyama vya wajamaa! Alitaka kuwavuta wafanyakazi waachane na ujamaa. Uingereza nako chama cha wafanyakazi kilipata viti 29 kwenye uchaguzi wa 1906, unadhani Liberal hawakuona? Bila wajamaa kubisha hodi hiyo pensheni ingechelewa sana.

Bi_Mnyoofu
Jamani mnaongea kama waliopinga uliberali ni Wazungu peke yao. Locke huyohuyo wa haki za kuzaliwa nazo alikuwa na hisa kwenye Royal African Company, kampuni ya biashara ya watumwa. John Stuart Mill, mwanafalsafa mwingine wa uliberali, alifanya kazi East India Company (kampuni ya Waingereza iliyotawala India) zaidi ya miaka 30, na 1859 anaandika kitabu kizima cha kutetea uhuru halafu anasema hauwahusu watu ambao bado hawajastaarabika. Uingereza ilipofuta utumwa kwenye makoloni yake mengi 1833 ilitenga pauni milioni 20 za fidia, na walizilipwa WENYE watumwa, watumwa wenyewe hawakupewa hata senti. Kwangu mimi walioichukulia serious hii habari ya haki za binadamu ni watumwa wa Haiti, koloni la Ufaransa, walisimama 1791 wakapigana mpaka uhuru 1804, halafu 1825 Ufaransa ikawadai faranga milioni 150 ndo iwatambue. Hao ndo waliouuliza uliberali swali gumu kuliko wote, binadamu unayemsema ni nani?

Msomaji_Huru
Dada hapo umenifungua macho, kitabu changu Haiti hata haimo. Na ufashisti je?

Kalamu_Kavu
Bi Mnyoofu nakazia. Ufashisti ni ugomvi wa aina nyingine kabisa. Mjamaa anamwambia mliberali umeahidi usawa na hujaleta, fashisti anasema usawa wenyewe ni upuuzi, mtu ni mali ya taifa na taifa ni kiongozi. Mussolini kaingia madarakani Italia 1922, Hitler Ujerumani 1933. Soma kura ya Machi 1933 Ujerumani ya kumpa Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge, waliosema hapana ni wabunge 94, wote wa chama cha kisoshalisti cha SPD, maana wakomunisti walishazuiwa au kukamatwa. Chama cha kiliberali cha Deutsche Staatspartei kilibaki na wabunge watano tu, na wote watano walipiga kura ya ndiyo.