Wauzaji wa memori kadi hapa mjini mmezidi! Juu imeandikwa GB 32, ndani kuna 7

Jameni, nimejaribu kuuandika uzi huu kwa upole nikashindwa. Nivumilieni.

Nina kamera ndogo ya mfukoni, megapikseli 10, moja ya zile za zamani ambazo vijana wameanza tena kuzisaka. Inapiga picha safi, ilikuwa imekosa kadi tu. Ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu) ya binamu yangu ilikuwa Jumamosi huko Limuru, kwa hivyo Ijumaa jioni nikaingia duka moja Luthuli Avenue, hapa Nairobi. Kijana wa kaunta hakuniuliza swali hata moja. Kamera gani? Ya lini? Utapiga picha au utarekodi video? Wapi! "Kastoma wangu, chukua hii ya 64, hutaijaza mpaka uchoke." Ni kama kuuziwa viatu bila kuulizwa unavaa namba ngapi.

Nikaitia kwenye kamera palepale. Kamera ikaikataa. Unajua alichosema? Eti kamera yangu ni mbovu.

Mbovu mwenyewe! Kadi hizi zina aina zake, na aina imeandikwa usoni pa kadi yenyewe. SD ya kawaida inaishia GB 2. SDHC ilikuja 2006, nayo inabeba zaidi ya hapo hadi GB 32. SDXC ni ya 2009, inaanzia juu ya 32, na faili zake zimepangwa kwa mfumo wa exFAT, ambao kamera nyingi za kabla yake haziujui. Kamera mpya hupokea kadi ya zamani, lakini kamera ya zamani usitarajie ipokee kadi mpya. Yangu imeandikwa SDHC wazi wazi pale kwenye kifuniko cha betri, angekigeuza tu akasome. Mtu anashinda akiuza kadi kutwa nzima na hajui hilo?

Haya, akatoa ya 32. Ikakubali, nikapiga picha moja ya kaunta ikaonekana, nikalipa kwa M-Pesa shilingi 1,200, nikashika njia.

Sasa kaeni chini. Jumamosi nilirekodi video ndefu ya wageni wakiimba nje ya lango mpaka wakafunguliwa. Hiyo ipo, inacheza vizuri kabisa. Baadaye wasichana wakaletwa wamefunikwa leso kichwa hadi miguu, bwana amtambue wake. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa! Kwenye kioo cha kamera kila kitu kilionekana sawa. Nyumbani nikafungua kwenye kompyuta: juu unaona ukingo wa hema na kofia ya mjomba, halafu kuanzia kidevuni kwenda chini ni kijivu kitupu. Picha inayofuata, kijivu. Zinazofuata hazifunguki kabisa, ingawa jina la faili lipo na ukubwa wake umeandikwa. Cucu, yaani nyanya yetu, alipotoa baraka, pia hakuna.

Nikaipima kadi kwa programu ya bure inayoitwa H2testw. Wenye Linux au Mac kuna F3, kazi ni ileile: inaijaza kadi data mpaka mwisho, kisha inasoma tena kila kitu kuona kama kilihifadhiwa. Jibu: GB 7 na kitu. Nyingine zote ni uongo. Ndani ya kadi mna kijichipu kinachoiambia kamera na kompyuta kadi ni ya ukubwa gani, na wahuni wamekibadilisha kiseme 32. Nafasi ya kweli ikiisha, kadi haisemi imejaa. Inaendelea kupokea, na unachopiga ama kinafuta cha zamani ama kinapotelea hewani. Kufomati hakusaidii, maana hata hapo kompyuta inaamini kile ilichoambiwa. Na ile picha moja ya pale kaunta haikuthibitisha chochote, kwa sababu mwanzoni kadi feki hufanya kazi kama malaika.

Jumatatu nikarudi. Kijana, bila aibu: "Kadi zote hupungua, kastoma. Hata ya simu." Hapo ndipo damu ilinichemka, kwa sababu ameshika ukweli mdogo akaufanya ngao. Ndiyo, kadi halali ya 32 ikiingia kwenye kompyuta ya Windows huonyesha kama 29.8, kwa kuwa kiwanda kinahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Hiyo ni hesabu tu, hakuna aliyeibiwa. Kutoka 32 hadi 7 ni hesabu ya nani? Akaninyooshea kidole ukutani: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Nikatoa risiti. Imeandikwa kwa kalamu "memori 1" na bei, basi. Haina ukubwa wala jina la kadi. Sasa utamshitaki kwa lipi? Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari zinazohitajika. Kibandiko cha ukutani hakiwezi kuifuta. Lakini nenda ukamweleze hivyo mtu anayekutazama huku akitafuna mua.

Na kabla hamjaja kuniambia "ungechukua tu kubwa, nafasi haiozi", tulieni tupige hesabu. Picha ya megapikseli 10 huwa kama MB 4. Kadi ya GB 8, ikiwa ni 8 ya kweli, inabeba karibu picha 2,000, na betri ya kamera hizi itakufa mapema sana kabla ya hapo. Wa video ndio wanaohitaji zaidi. Ikirekodi kwa megabiti 17 kwa sekunde, saa moja inakula karibu GB 7.7, kwa hivyo 16 inakupa saa mbili. Kamera zingine za zamani zinakula nafasi zaidi ya hapo kwa video ya kiwango cha chini, kwa hivyo angalia yako. Mimi heri kadi mbili za 16 kuliko moja ya 64, moja ikifa hujapoteza sherehe nzima. Na ile 100MB/s wanayoichapisha kwa maandishi makubwa kwa kawaida ni kasi ya kusoma. Kamera inapiga, kwa hivyo inahitaji kasi ya kuandika: tafuta namba 10 ndani ya duara, yaani angalau MB 10 kwa sekunde.

Ninachodai si kikubwa. Kadi ipimwe mbele yangu kabla sijalipa. Najua kuijaza yote kunachukua muda, nitangoja, mnipe kiti. Risiti iandikwe aina ya kadi na ukubwa wake. Basi.

Kuna yeyote anayejua duka hapa mjini linalokubali hivyo? Na waliouziwa hizi feki, wekeni picha za kadi na matokeo ya vipimo hapa chini. Jina la duka na namba za simu mzifunike, sitaki uzi ufungwe kabla ya jioni.