Kangomba, mizani na toba: anayetubu arudishe nini, na kwa nani?

Katekista_Newala

Tumsifu Yesu Kristo, na Bwana asifiwe kwa ndugu wa madhehebu mengine.

Tuko kwenye Kwaresima, nayo huku kwetu huangukia miezi ileile ya njaa. Mahindi ya mwaka jana yameisha, mapya bado yako shambani, na mwenye mikorosho anahangaika kutafuta wa kumkopesha. Ndiyo miezi ya kangomba: mtu anapokea hela leo, anaahidi kilo za korosho za msimu utakaofunguliwa Oktoba.

Kwenye mafundisho ya kitubio yanarudi maswali matatu. Je, ni dhambi ikiwa mwenye korosho alikubali mwenyewe, tena akashukuru? Aliyenunua kwa njia hiyo akitubu, arudishe nini na kwa nani? La tatu ni la wazee. Wanasema kimbunga Hidaya cha Mei 2024, bei kushuka na ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, vyote ni adhabu ya dhambi za kijiji, kwa hiyo tufunge siku tatu yaishe. Niwajibu nini bila kuwadanganya na bila kuwavunja moyo?

Mchungaji_Nachingwea

Mwalimu, anza na Nehemia sura ya 5, isome yote mbele yao. Watu wa Yerusalemu waliweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wote walikubali. Hakuna aliyeshikiwa panga. Hata hivyo Nehemia alikasirika sana, akawaita wakuu kwenye mkutano, akawaambia wanachofanya si chema. Mwenye watoto wenye njaa hukubali bei yoyote, na kukubali kwake hakumtakasi aliyeiona ile njaa akaipangia bei. Angalia pia mstari wa 10: Nehemia anakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha. Hakuanza kwa kunyooshea wengine kidole.

Halafu akadai marejesho siku ileile: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na ile sehemu ya mia waliyotoza. Akaita makuhani, akawaapisha. Hapo ndipo toba nyingi za siku hizi zinapopungukiwa. Machozi yapo, ushuhuda upo, mali imebaki palepale.

Kuhusu kiasi, Walawi 6:1-7 na Hesabu 5:5-8 vinasema arudishe mali kamili na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo katika Luka 19 aliahidi mara nne, na watu hukimbilia hapo wakaogopa, wakaacha kabisa. Wafafanuzi wengi huona kwamba ile mara nne ya Kutoka 22:1 ni ya mwizi wa kondoo aliyekwisha kumchinja au kumuuza, na ile sehemu ya tano ni ya mtu aliyekuja mwenyewe akaungama. Mkristo hafungwi na hesabu ya Walawi kama sheria ya mahakama, lakini ni kipimo kizuri kwa asiyejua aanzie wapi. Mfano: ulitoa 100,000 mwezi wa Februari, ukachukua kilo 100, bei ya mnada ikawa 2,500 kwa kilo. Ulichomnyima ni 150,000. Ongeza tano yake, 30,000. Jumla 180,000.

Mhasibu_Tandahimba

Shikamoo Mchungaji. Hapo kwenye 2,500 parekebishwe kidogo, maana nimeona watu wakigombana kwa hesabu hiyo hiyo. Bei ya mnada siyo inayomfikia mkulima. Kuna makato: ushuru wa halmashauri, wa chama cha msingi na chama kikuu, ghala, usafirishaji. Chukueni karatasi ya malipo ya jirani aliyeuza kwenye mnada uleule, msome kilichobaki kwa kilo. Tuseme ni 2,200. Basi mkulima angepata 220,000, toa 100,000 aliyopokea, inabaki 120,000. Tano yake ni 24,000. Anayetubu apeleke 144,000. Mkikosa karatasi, AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ina kumbukumbu za kila mnada.

Ila tusimwangalie mnunuzi peke yake. Kuna dhambi za upande wa mkulima, na mahubiri huzipita haraka. Korosho mbichi hutiwa kwenye gunia kabla hazijakauka ili zizidi uzito. Kokoto na mchanga huwekwa katikati, kwa sababu bambo la ukaguzi, kile chuma cha kutolea sampuli, huchomwa pembeni. Zao lile lile hukopewa kwa watu wawili. Tangu stakabadhi ghalani, yaani mfumo wa kuweka zao ghalani na kuliuza mnadani, ianze kwenye korosho mwaka 2007, mizigo ya wengi hukusanywa na kuuzwa pamoja, kwa hiyo gunia moja la unyevu linaotesha ukungu, shehena nzima inashushwa daraja, na anayeumia ni mjane aliyeanika zake siku zote. Amosi 8:5-6 anawataja watu wa namna hii: wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanauza hadi makapi ya ngano.

Mtu wa namna hiyo arudishe kwenye AMCOS, apewe stakabadhi, fedha isomwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Asimpe katibu mkononi. Na asiitie kwenye kapu la sadaka. Nalisisitiza hili kwa sababu linatokea kila mwaka: mtu anadhulumu jirani, halafu anachangia bati za kanisa. Mathayo 5:23-24 inamwambia aiache sadaka pale pale mbele ya madhabahu, kwanza aende kwa ndugu yake. Hesabu 5:8 inaruhusu malipo yaende kwa kuhani pale tu ambapo aliyedhulumiwa hayupo na hana ndugu wa karibu.

Mlezi_wa_Wakatekumeni_Masasi

Naongeza upande wa sakramenti, maana kwa Wakatoliki, na kwa Waanglikana wengi wa huku Masasi wenye mapokeo ya UMCA, ile misheni ya Kianglikana ya zamani, maungamo kwa padre yapo. Tunafundisha hatua tano: kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kutorudia, kuungama, kutimiza kitubio. Inayovunjika mara nyingi ni ya tatu. Mtu anajuta kweli, lakini hela ya kukopeshea mwakani ameshaitenga. Muulizeni kwa upole: Februari ijayo utafanya nini? Asipokuwa na jibu, kusudi bado halijafika.

Ondoleo la padre linafuta dhambi, haliondoi wajibu wa kulipa. Asiye na uwezo wa kulipa yote alipe kwa awamu alizokubaliana na mdai wake, akianza na mwenye shida zaidi. Asikope kangomba nyingine ili alipie toba.

Tahadhari moja. Msimlazimishe mtu kuungama mbele ya kusanyiko akataja waliokuwa pamoja naye. Dhambi za wenzake si zake kuzitoa. Na aliyedhulumiwa akiwa Mwislamu, kama ilivyo kwa majirani wengi hapa, deni ni lile lile.

Swali la tatu. Luka 13:1-5: watu 18 waliangukiwa na mnara wa Siloamu, Yesu akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha hapo hapo akawaita wote watubu. Wazee waambieni yote mawili. Mvua ya Hidaya na barabara iliyokatika Somanga viliwapata waaminifu na wasio waaminifu. Yoeli alihubiri toba wakati wa nzige kwa sababu alikuwa na neno la Bwana mdomoni. Sisi hatuna ruhusa ya kumtaja mwenye kosa kila bei inaposhuka. Kufunga ni kwema, lakini kukiwa ni kwa kuogopa kimbunga tu, kutaisha jua likiwaka. Na ubwiri unga ni ukungu: unatibiwa kwa salfa, kwa wakati.

Kwa wanaotaka kubaki waaminifu njaa ikirudi: jumuiya ndogo ndogo ianze mfuko sasa. Kila kaya iweke kidogo baada ya malipo ya mnada wa kwanza, sanduku liwe na kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wa kaya tofauti. Mkopo wa Februari urudishwe kwa shilingi, usirudishwe kwa kilo. Deni likiandikwa kwa kilo, kangomba imerudi kwa jina la kanisa.

Katekista_Newala

Mungu awabariki. Limebaki moja. Aliyedhulumiwa amefariki. Mjane yupo, watoto wapo, na kwa mila zetu mjomba na wapwa nao wanadai. Alipwe nani?

MsaidiziWaSheria_Lindi

Mwalimu, anayetubu asichague yeye. Aulize kama mahakama ya mwanzo ilishateua msimamizi wa mirathi. Kama yupo, amkabidhi yeye, kwa maandishi: kiasi, ni fidia ya korosho za msimu gani, saini za wote wawili na mashahidi wawili. Kama hayupo, kikao cha ukoo kikae, mjane na upande wa mjomba wote wawepo, wapendekeze mtu, muhtasari upelekwe mahakamani. Wakati huo fedha ikae benki au kwenye akaunti ya chama, isikae nyumbani kwa mtu. Akimpa mjomba kimya kimya ili mambo yaishe, mjane atakuwa amedhulumiwa mara ya pili, na safari hii kwa fedha ya toba.

Karatasi iandikwe nakala tatu: msimamizi, anayelipa, ofisi ya kijiji.