Ndege ya kwanza ya rimoti (ya betri): tununue ipi? Tuko Dodoma

Mwanahombolo
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri. Mimi na mpwa wangu wa miaka 13 tumepania kujifunza kurusha ndege ya rimoti, hizi za betri zenye mabawa, siyo droni ya mapanga manne. Kati yetu hakuna aliyewahi kushika rimoti ya ndege. Dada yangu anaishi Manchester, anakuja likizo Desemba, kwa hiyo naweza kumwagiza. Bajeti ni laki sita, nikijibana sana laki saba.

Kijana ameshachagua ya kwake: Mustang P-51 ndogo, bawa sentimita 40, rangi ya fedha kama zile za vita, ina jairo ya kuiweka sawa yenyewe. Mimi nimeona nyingine kubwa kidogo, bawa liko juu ya mwili. Tutarushia Hombolo kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Ni wazi kabisa, ila kuna miiba na mibuyu miwili mitatu. Upepo wa Dodoma mnaujua. Tuchukue ipi?

rubani_wa_nchi_kavu
Mkuu, mpe kijana anachokipenda. Hizo Mustang ndogo za Volantex zina jairo nzuri sana, ukiachia vijiti inarudi sawa. Mimi nilianzia hapohapo, uwanja wa mpira wa shule ulinitosha. Ikianguka haivunjiki hovyo kwa sababu ni nyepesi. Ongeza betri za akiba, basi.

FundiSevo
Mwanahombolo, nitatofautiana na mwenzangu hapo juu, si kwa ubaya. Aliyosema kuhusu jairo ni kweli. Lakini jairo inajua ndege imelala vipi, haijui upepo unaipeleka wapi. Itaweka mabawa sawa vizuri kabisa huku ndege nzima inasukumwa kwenye mbuyu. Kindege cha sentimita 40 kikikutana na upepo wa kwenu wa saa nne asubuhi hakina ubavu wa kurudi. Halafu kikienda mbali kidogo kinageuka doa angani, hujui kinakuja au kinakwenda. Mwenzetu alirushia uwanja wa shule, labda umezungukwa na majengo na miti inayokinga upepo. Hombolo ni tambarare.

Mimi ni fundi simu, niko Mwanza, na watu huniletea hizi ndege zikishaumia. Kwa hiyo nikichagua naanzia kwenye meza ya ufundi. Najiuliza: ikivunjika Jumamosi, Jumapili itaruka? Maana itaanguka, hilo halina mjadala kwa mtu anayejifunza. Mwenzako aliye Ulaya anaagiza mkia mpya leo, keshokutwa uko mlangoni. Sisi tunasubiri wiki kadhaa, na gharama ya kusafirisha inaizidi bei ya kifaa chenyewe. Ninaowajua walioacha mchezo huu, wengi walikuwa wameshaanza kurusha vizuri. Kilichowakatisha ni propela moja iliyokosekana, au chaja iliyoungua.

Ndiyo maana nakushauri ndege ya povu, bawa juu, ukubwa wa mita moja kwenda mita moja na nusu, na propela iwe nyuma ya bawa inasukuma badala ya kuwa puani inavuta. Ukija kutua pua ikachimba udongo, propela na mota viko juu, salama. Propela ikiwa puani ndiyo ya kwanza kukatika, na kishindo kikiwa kibaya shafti ya mota inapinda, ndege inaanza kutetemeka mpaka inalegeza skrubu zake yenyewe. Za mtindo huo wa propela nyuma ni kama HobbyZone AeroScout yenye bawa la mita 1.1, Bixler ya HobbyKing, na EasyStar ya Multiplex, Wajerumani, ambayo imefundisha watu wengi sana.

Hiyo Mustang bawa lake liko chini na linachongoka kuelekea nchani. Ukipunguza mwendo huku unakata kona, bawa moja linakosa hewa kabla ya jingine na ndege inabinuka ghafla. Mara nyingi jambo hilo hutokea unapojiandaa kutua, mita tatu nne kutoka ardhini, ambako hata bingwa hana nafasi ya kuokoa. Bawa la juu, pana, lililonyanyuka kidogo kwenye ncha, linakwenda polepole bila kukugeuka, na likiinama lina tabia ya kujirudisha.

Sasa ufundi. Povu la ndege hizi kwa kawaida ni EPO, siyo lile jeupe la maboksi ya samaki. Pua ikibonyea, chemsha maji, mwagia taratibu pale palipobonyea: chembe za povu zinafura tena mbele ya macho yako. Bawa likikatika, usisawazishe mpasuko kwa kisu. Rudisha vipande vilivyo, vile vijibonde vinaingiliana vyenyewe, paka supaglu kiasi, bana, zungushia utepe. Hapo gundi inakuwa ngumu kuliko povu lenyewe. Ila supaglu ya kawaida usiiguse kwenye lile povu jeupe la maboksi, inaliyeyusha. Hapo tumia gundi ya moto ya bastola. Hivi vyote vinapatikana dukani hapohapo Dodoma, na hilo ndilo ninalolipigania.

Mwanahombolo
Nashukuru sana mkuu, nimeelewa hata kabla ya kuangalia picha. Nimemsomea kijana sehemu ya Mustang kubinuka, amenuna kidogo ila ameelewa. Maswali matatu. Nimeona AeroScout maandishi yanatofautiana, RTF, RTF Basic, BNF, nini tofauti? Pili, betri hizi dada anaruhusiwa kupanda nazo ndege? Tatu, kuna kibali?

Shangazi_Nakuru
Kaka Mwanahombolo, wacha nijibu la betri na la kibali. Mimi huzibeba nikisafiri.

Betri za ndege hizi ni za lithiamu, zinaitwa LiPo. Za akiba zinabebwa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloenda chini ya ndege. Kila moja iwe kwenye mfuko wake, na ncha za waya zifunikwe kwa utepe ili zisigusane. Kipimo ni saa-wati 100 kwa betri. Hiyo ya AeroScout, ya seli tatu, mAh 2200, ukizidisha volti 11.1 kwa ampea-saa 2.2 unapata kama saa-wati 24, uko chini kabisa. Dada hata hivyo asome masharti ya shirika analosafiri nalo.

Kibali: usidhani kwa kuwa haina mapanga manne basi haikuhusu. Kwetu Kenya tuna kanuni za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na chombo lazima kiandikishwe. Tanzania mna za kwenu za mwaka 2018 chini ya mamlaka yenu, TCAA. Waandikie barua pepe sasa, kabla dada hajanunua: uzito wa ndege, mahali mtakaporushia, na kwamba ni burudani. Jibu lao lichapishe alibebe kwenye mkoba, litamsaidia forodhani. Na tafadhali, mahali penu pawe mbali na uwanja wa ndege wa Dodoma na ule wa Msalato, mbali na Chamwino Ikulu na kambi yoyote.

La ziada: mko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Huku Nakuru tuko kama 1,850 na tofauti naisikia. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo zaidi ili ibaki juu, na jua likiwa kali inazidi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchukua bawa kubwa.

FundiSevo
Asante Shangazi, hiyo ya barua pepe kwa TCAA ni muhimu kuliko aina ya ndege.

Maandishi ya kwenye boksi: RTF ni seti kamili, rimoti imo. RTF Basic ya HobbyZone rimoti imo lakini betri na chaja hamna, na watu wengi wanaligundua hilo wakiwa wameshafika nyumbani. BNF haina rimoti. Ukikuta PNP, hiyo haina rimoti wala risiva, yaani kile kipokezi cha ndani ya ndege kinachosikia rimoti. Ninyi tafuteni RTF yenye kila kitu, au Basic na ununue betri mbili na chaja yake pembeni. Rimoti iwe Mode 2, yaani nguvu ya mota iko kijiti cha kushoto. Ndiyo inayotumiwa na wengi, hata simyuleta, zile programu za kujifunzia kurusha, zimezoea hiyo.

Chaja usinunue ya bei ya chini. Iwe ya kusawazisha seli, inayoonyesha volti ya kila seli. Seli ikijaa ni volti 4.2. Mkitua, ikiwa imepumzika isiwe chini ya 3.5 hivi, na ikishuka chini ya 3.0 imeharibika. Mkimaliza kurusha na hamrudi shambani hivi karibuni, iachwe kwenye 3.8, isiwekwe imejaa. Kuchaji betri ya 2200 weka ampea 2.2, juu ya sakafu ya saruji, na mtu mzima awepo. Hili kijana asifanye peke yake, LiPo ikishika moto haizimiki kirahisi.

Kabla Desemba haijafika, mtafutie kijana simyuleta ya bure kama PicaSim. Afanye zoezi moja tu mpaka lizoeleke: ndege inakuja kumwelekea. Hapo kushoto na kulia vinageuka na kila anayejifunza anachanganyikiwa. Dawa yake ni hii: bawa moja likiinama, sukuma kijiti upande ulekule lilikoinamia. Litanyanyuka. Kichwa kikishazoea hivyo, mikono inafanya yenyewe.

Siku ya kwanza nendeni alfajiri, mrushe jua likichomoza, muwe mmemaliza kabla ya saa mbili. Kabla ya kurusha weka vidole viwili chini ya bawa, pale kitabu cha maelezo kinapoonyesha kitovu cha uzito. Ndege ikae sawa au iinamishe pua kidogo sana. Ikiinamisha mkia, isogeze betri mbele. Ndege nzito mkiani hairushiki, hata AeroScout. Kisha sukuma vijiti uangalie mkia na vibawa vinakwenda upande unaotakiwa. Rusha ukielekea upepo, panda hadi usawa wa mibuyu miwili iliyopandana, punguza nguvu nusu, na zunguka mapana tu. Saa ya simu ipige kengele dakika ya sita, utue.

Na kijana asiachwe bila ndege ya rangi ya fedha. Flite Test, Wamarekani wa ndege za kujijengea, wana ramani ya FT Tiny Trainer, ya kuchapisha na kukata mwenyewe kwenye ubao wa povu wenye karatasi pande mbili, ule wa mabango. Ina mabawa ya aina mbili, la kujifunzia na la michezo zaidi, unabadilisha kwa mpira wa kufungia. Mkiizoea AeroScout, kijana ajenge hiyo mwenyewe, aipake rangi anayotaka. Mota na sevo ndogo (vimota vinavyosogeza mkia na vibawa) anaagiza mara moja, mwili akiuvunja anakata mwingine jioni ileile.

Mwambie dada aongeze propela nne kwenye mzigo, na atume hapa picha ya boksi kabla hajalipa, pande zote nne. Nitaiangalia.