Wakuu, mishkaki yangu nje mkaa, ndani damu. Wakwe wanakuja Jumapili!

KijanaWaTabata (Jumanne usiku)

Wakuu habari za humu. Jumapili hii baba mkwe na mama mkwe wanakuja kwangu kwa mara ya kwanza, na mashemeji juu. Jumla tutakuwa watu 12. Kwa kiherehere changu nimeshamwambia mke wangu asihangaike na jiko, nachoma mwenyewe uani.

Sasa Jumamosi iliyopita nikafanya majaribio na kilo moja ya ng'ombe. Aibu. Nje nyeusi tii, ndani inavuja damu, na vipande vilivyoiva ni kama unatafuna kandambili. Juu ya yote, inanuka mafuta ya taa. Nilimpa mbwa wa jirani, akainusa kwanza.

Nyama nilinunua asubuhi bucha la mtaani, nikailoweka kwenye juisi ya ndimu nne na viungo vyote vilivyokuwemo kabatini, saa saba mchana nikachoma. Jiko ni nusu pipa, fundi wa kuchomelea alinikatia, na juu nimetandika wavu uliobaki kwenye banda la kuku.

Nimekosea wapi? Na nipeni sosi na vya kulia pembeni. Natanguliza shukrani.

Chapombe_Mstaafu

Wapeleke hotelini mkuu. Ndoa kwanza.

MuuzaMishkaki

Nachoma barabarani mwaka wa tisa huu, ngoja nikusaidie. Viungo havina kosa, isipokuwa ndimu. Umekosea bucha, kisu na moto.

Nyama ya bucha la mtaani imechinjwa usiku, asubuhi iko kwenye ndoano. Wakati huo misuli bado imekaza, hata uiloweke kwenye nini. Nunua Ijumaa, iweke kwenye friji (siyo friza) mpaka Jumapili. Mwambie muuzaji akupe salala (nyama laini ya mgongoni), au steki ya paja isiyo na mishipa, na akuongeze robo ya nundu. Kwa watu 12 chukua kilo 3, kama kuna vyakula vingine inatosha.

Kukata: tazama nyuzi za nyama zimelala wapi, kisha kisu kipite kuzikatiza. Ukikata kufuata nyuzi, mgeni atavuta kwa meno kama kamba. Vipande viwe sawasawa, upana wa vidole viwili hivi. Kikubwa na kidogo kwenye kijiti kimoja ndiyo hiyo damu na mkaa uliyoiona. Usivibane sana. Kila baada ya vipande vitatu chomeka kipande chembamba cha nundu, kitayeyuka na kuilainisha nyama yenyewe. Vijiti viloweke kwenye maji nusu saa visiungue.

Viungo kwa kilo: kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, kitunguu swaumu punje sita na tangawizi ya kidole gumba, vyote vilivyotwangwa, pilipili manga, bizari nyembamba kidogo, mafuta vijiko vikubwa viwili. Ndimu nusu tu. Ndimu nne umeipika nyama kabla ya moto, ndiyo maana ikakauka.

Moto sasa. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Usiweke nyama mkaa ukiwa mweusi au unawaka ndimi. Subiri dakika 30 hadi 40 mpaka uvikwe jivu jeupe. Halafu rundika mkaa wote upande mmoja wa pipa, upande wa pili ubaki mtupu. Mishkaki ipate rangi upande wa moto, kisha uihamishe upande wa pili imalizie taratibu. Mafuta yakidondoka na moto ukaruka, hamisha nyama, usimwage maji, utapuliza majivu kwenye chakula. Na mafuta ya taa acha kabisa, washia makumbi ya nazi au karatasi.

Mama_Pacha

Mwanangu, tumia papai bichi. Saga na maganda yake, paka nyama, lala nayo usiku kucha. Itakatika kwa kijiko.

MuuzaMishkaki

Dada yangu nakuheshimu, ila usiku kucha hapana! Utomvu wa papai unameng'enya nyama kweli, asubuhi atakuta uji. Kijiko kikubwa kimoja kwa kilo, saa moja, ikizidi sana mbili. Na kama kapata salala, hana haja nalo.

Mama_Pacha

Mimi napikia nyama ya ng'ombe mzee, huyo anataka usiku kucha 😂 Lakini sawa, kwa salala msikilize yeye.

FundiVyuma

Hakuna aliyeona hilo la wavu wa banda la kuku? Wavu ule umepakwa zinki. Ukipata moto mkali unatoa moshi usiofaa, na chakula hakitakiwi kuugusa. Toa leo. Mwambie fundi akulazie nondo nyembamba zisizopakwa kitu, uziunguze kwenye moto mkali kabla ya kuweka nyama, kisha usugue. Na pipa lilibeba nini? Kama ni rangi au dawa ya shambani, tafuta jingine, kuliunguza hakutoshi.

Nyamchom_Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Nyinyi Wabongo mnaficha nyama kwa viungo. Tafuta mbuzi, mguu na mbavu zikiwa nzima, zisikatwe vipande. Si beberu, harufu yake itafukuza hao wakwe, chukua aliyehasiwa. Chumvi na maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, unamrashia akiendelea kuiva. Moto wa chini, saa moja na nusu au mbili, mafuta juu yajishukie yenyewe. Ukitoa, acha itulie dakika kumi ndio ukate kwa ubao, na chumvi kando. Hiyo ni nyama choma, hizo zingine ni mboga.

KijanaWaTabata

Wakuu mmenifungua macho. Pipa lilibeba mafuta ya kula, niko salama. Wavu nimeshautoa. Mbuzi mwakani bosi, kwa mara ya kwanza mguu mzima utaniaibisha. Sosi jamani?

BintiMalindi_Muscat

Assalaam alaykum. Huku Oman mishkaki inauzwa barabarani kama huko kwetu Unguja, na sosi yake ni ukwaju. Loweka ukwaju robo kilo kwenye vikombe viwili vya maji ya moto, uukamue na kuuchuja. Uchemshe na sukari vijiko vikubwa viwili, chumvi, kitunguu thomu kilichotwangwa na pilipili mbichi mbili, mpaka ukivuta mwiko sosi inaung'ang'ania. Usiipake nyama mapema, sukari itaungua. Paka dakika mbili za mwisho, nyingine weka mezani. Na ile uliyorowekea nyama mbichi usiifanye sosi, mwaga.

Shamba_Mkuranga

Pembeni usijisumbue na ugali tu. Mhogo mbichi uumenye, upasue kati, uuchome upande usio na moto, mwishoni ndimu, chumvi na pilipili ya unga. Ndizi mzuzu zilizoiva zilaze na maganda yake mpaka yapasuke. Kachumbari ikatwe wageni wakiwa wameshakaa, vitunguu uvifikiche na chumvi na kuviosha, vinginevyo shemeji watalia na hawajafiwa.

KijanaWaTabata (Ijumaa)

Nimejaribu nusu kilo leo. Laini! Mke wangu kanyamaza, kwake hiyo ni sifa. Ila limezuka jipya: mama mkwe hali nyama nyekundu. Nimeambiwa sasa hivi.

MuuzaMishkaki

Kuku wa kisasa wawili. Wapasue mgongoni, uwafungue wabaki bapa, chumvi na viungo vilevile. Waweke upande usio na moto, mifupa chini, funika na sufuria kubwa. Dakika 40 hadi 50, kisha ngozi juu ya moto dakika chache. Chomeka kisu panapokutana paja na kiwiliwili: maji yakitoka mekundu, rudisha. Ukiwa na kipimajoto, kuku ni nyuzi 74 ndani. Kienyeji usijaribu siku hiyo, labda umchemshe kwanza. Na mvua ikinyesha, usiingize pipa sebuleni, hewa ya mkaa inaua na haina harufu.

KijanaWaTabata (Jumapili, saa 4 usiku)

Wakuu. Baba mkwe vijiti saba, nilihesabu. Hakusema kitu hadi anaondoka, ndipo akauliza nyama nilinunua bucha gani. Kuku mmoja nilichelewa kumtoa, akakauka kifua, lakini mama mkwe alimwagia ukwaju, na kiasi kilichobaki kabeba kwenye chupa ya maji. Mashemeji bado wako uani na mahindi, wanasema moto usipotee bure.

Chapombe_Mstaafu

Sasa sisi tunakuja lini?